Kwa nini Hifadhi ya Udzungwa ilindwe hata kama watalii wake ni wachache

Mwanamsolwa (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kuna hoja naiona inarudi kila bajeti ya maliasili inapojadiliwa: hifadhi zisizoingiza fedha zimegwe, wananchi wapewe ardhi walime. Udzungwa haikosi kutajwa. Wanaosema hivyo wana sababu zao. Getini Mang'ula hutakuta foleni ya magari kama geti la Naabi kule Serengeti. Hakuna simba wa kupiga picha ukiwa umekaa kwenye kiti. Ndani hakuna hata barabara, ni kwa miguu mwanzo mwisho. Mimi nimezaliwa na kukulia chini ya huo mlima, mashamba yetu yanaishia pale msitu unapoanzia, kwa hiyo naomba nieleze ninavyouona. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aingilie tu.

Kwa msiopajua: ukitoka Mikumi mjini ukashika njia ya Ifakara, unashuka hadi Kidatu, unavuka Ruaha Mkuu, na kuanzia hapo mlima uko mkono wa kulia mpaka uchoke kuutazama. Kushoto ni miwa na mpunga, bonde la Kilombero lote hilo. Kulia ni ukuta wa msitu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na imegawanyika kati ya Morogoro na Iringa. Kilele cha juu kabisa ni Luhombero, mita 2,576. Kabla ya hapo palikuwa na misitu ya akiba, Mwanihana na Matundu ikiwemo, iliyokuwa chini ya idara ya misitu.

Kitu cha kwanza ninachotaka mkielewe ni huo msitu wa Mwanihana. Unaanzia bondeni, kwenye mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari, unapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Afrika Mashariki mahali pa namna hiyo ni pa kuhesabu. Milima mingi msitu umebaki kofia tu kule juu, chini kote ni mashamba. Usambara nenda ukaone, Uluguru nenda ukaone. Huku kwetu mti wa bondeni na mti wa kwenye ukungu wameshikana mikono. Mnyama au ndege anayehama kwa msimu anapanda na kushuka bila kukanyaga shamba la mtu. Na joto likizidi kuongezeka, viumbe vinavyotafuta ubaridi vina njia ya kupandia. Ukikata mkanda mmoja tu katikati, walio chini na walio juu wanakuwa visiwa viwili.

Kitu cha pili ni maji, na hapa ndipo hoja ya "haingizi fedha" inaponishinda kabisa. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake, unagonga upande wa mashariki wa mlima, unalazimika kupanda, unapoa, mvua inanyesha. Hata siku ambayo bondeni hakuna tone, kule juu ukungu unashika kwenye majani na kuvumwani na unadondoka chini taratibu. Ardhi ya msituni imefunikwa majani yaliyooza, ukikanyaga inabonyea. Maji yanazama humo, hayakimbii. Ndiyo maana mito ya Sanje, Sonjo, Msolwa na Lumemo inatiririka Septemba na Oktoba, wakati bonde zima limekauka na wenye mashamba ya miwa wanayataka maji kuliko kitu kingine.

Msitu hauumbi mvua, na miti yenyewe inakunywa maji mengi. Kazi yake ni kuigawa ile mvua: ya Aprili ibakie hadi Oktoba. Ng'oa msitu, mvua ile ile itashuka yote kwa siku mbili ikiwa na udongo, halafu miezi mitano mnabaki na mawe.

Nitaendelea.

---

Kambi ya Usiku

Naweka kambi hapa. Mkuu endelea, sisi wa Dar tunaijua Udzungwa kwenye kalenda tu.

---

Fundi Umeme

Mleta uzi, nakuunga mkono ila weka sawa jambo moja. Watu hupenda kusema umeme wa Kidatu unatoka Udzungwa. Ruaha Mkuu unaanzia nyanda za juu, unapita Usangu, unakuja Mtera, ndipo unafika Kidatu. Bwawa la Mtera ndilo ghala la maji. Sasa Udzungwa inaingiaje?

---

Mwanamsolwa

Swali zuri mkuu, na ni kweli watu wanarahisisha.

Ghala kubwa ni Mtera, hilo halina ubishi. Lakini kati ya Mtera na Kidatu mto haupiti jangwani. Unapokea mito mingine njiani, Lukosi na Yovi ikiwemo, na Lukosi unakusanya maji yake kwenye hii milima ya Udzungwa upande wa Kilolo. Miaka ambayo Usangu imekauka na Mtera imeshuka, hayo maji ya njiani yanakuwa na maana kubwa kwa mitambo ya Kidatu, ambayo uwezo wake ni megawati 204.

Halafu kuna Kihansi, megawati 180. Ile ipo nje ya mipaka ya hifadhi lakini ni milima hii hii, kwenye ukingo wake wa kusini. Mto wenyewe si mkubwa. Nguvu yake ni kwamba unaporomoka kutoka juu sana, na hauna bwawa kubwa la kuweka akiba ya miaka. Ukitegemea mto wa namna hiyo kuzalisha umeme mwaka mzima, unautegemea msitu ulioko juu yake uachie maji polepole.

Sasa twende Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Pale Rufiji inapokea maji ya mito mitatu: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote, kadirio linalotajwa sana ni asilimia 62. Na Kilombero unanyweshwa na nani? Upande mmoja ni milima ya Mahenge na Mbarika, upande wa pili ni huu ukuta wa Udzungwa. Hapo weka na sukari ya Kilombero, weka mchele wa Ifakara ambao mnaununua hapo Tandika. Mtu akiniambia mlima huu hauingizi fedha, namwomba aangalie taa iliyo juu ya kichwa chake. Fedha inaingia, ila haiingilii getini Mang'ula.

---

Fundi Umeme

Hapo nimekuelewa. Umeitaja Kihansi, basi usisahau wale vyura. Kuna watu kazini kwetu mpaka leo wanalalamika kwamba maji ya umeme yananyweshewa vyura.

---

Mwanamsolwa

Hiyo habari inastahili kuelezwa vizuri, maana watu wanaipokea nusu nusu.

Kwenye korongo la Kihansi kulikuwa na maporomoko makubwa, na chini yake eneo dogo sana, kama hekta mbili, lililokuwa linaloweshwa na manyunyu saa zote. Mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea, watafiti wakakuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengine, anazaa watoto waliokamilika. Dunia nzima alikuwa pale tu. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Wakachukua vyura karibu 500 wakawapeleka kwenye bustani za wanyama Marekani, na korongoni wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji. Vyura wakaongezeka kidogo, halafu wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulionekana pale. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, wazao wa wale waliosafirishwa.

Wanaolalamika wanasahau kwamba umeme haukuzimwa. Kihansi inazalisha hadi leo, maji yaliyoachwa kwa ajili ya korongo ni sehemu ndogo tu ya mto. Mimi ninachojifunza hapo ni gharama ya kujua ukiwa umechelewa. Wangefanya utafiti wa kutosha kabla ya kujenga, yale manyunyu yangepangiwa toka siku ya kwanza. Badala yake kiumbe wa Tanzania amelelewa New York na Ohio miaka zaidi ya kumi ndipo akapanda ndege kurudi kwao. Na huyo ni mmoja tuliyembahatisha kumwona.

---

Binti Ifakara

Nyie mnaongea megawati na vyura. Mimi nimekulia hapo Mang'ula na nitasema la kwangu, mleta uzi usinikasirikie.

Mama yangu alikuwa akipanda huko na wenzake kuokota kuni zilizoanguka. Ilikuwa inaruhusiwa kwa siku maalumu, wanaingia asubuhi, wanatoka mchana kila mmoja na mzigo wake kichwani. Kuni kavu, hawakati mti. Siku moja tukaambiwa basi, hakuna tena. Toka hapo kuni za kununua, mkaa wa kununua, na mwenye uwezo wa kununua gesi si mama. Halafu tembo wanashuka usiku kwenye mpunga wetu wakila shamba zima, na ukienda kuripoti unajaza karatasi unasubiri hadi unasahau. Umeme wenyewe mnaousifia, nyumba yetu iliupata juzi juzi, nguzo zilikuwa zinatupita kichwani kwenda mjini.

Kwa hiyo ukiniuliza hifadhi ina faida gani, nakuuliza: kwa nani?

---

Kambi ya Usiku

Hapa pana hoja nzito. Mleta uzi jibu taratibu, usikimbilie.

---

Mwanamsolwa

Binti Ifakara, dada yangu, siwezi kukukasirikia. Uliyosema ni kweli tupu, na ndiyo hasa yaliyonifanya nianzishe uzi. Wanaotaka hifadhi imegwe na wanaotaka ilindwe wote wanawaruka watu wa vijiji vya chini ya mlima.

Nianze na kuni. Toka hifadhi ianze 1992 wanakijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu msitu wa Mwanihana, ruhusa ikafungwa mwaka 2011. Waliofunga walikuwa na sababu. Watu wa vijijini waliongezeka sana, viwanda vya sukari na mashamba vilileta watu kutoka kila mkoa, na mpaka wa hifadhi upo karibu na nyumba kiasi kwamba jogoo akiwika unamsikia ukiwa ndani ya msitu. Wapo waliokuwa wanaingia na panga na kutoka na miti mibichi iliyofichwa katikati ya mzigo wa kuni kavu. Wapo walioingia na waya. Waya wa tanzi hauchagui: unategea paa wadogo, ananasa minde, yule paa mkubwa wa milimani ambaye nje ya Tanzania hayupo. Anakaa na ule waya mguuni mpaka ukate nyama hadi mfupa. Nimeona miguu ya namna hiyo, sitamani mtu yeyote aione.

Lakini kufunga mlango bila kumfungulia mtu mlango mwingine ni kumtwisha mama yako mzigo wa nchi nzima. Mbadala ulikuja: majiko banifu, miche ya kupanda mashambani, mkaa wa pumba za mpunga ambazo hapa kwetu ni milima na milima zinachomwa bure. Vitu vizuri, ila vilikuja kidogo kidogo na kwa nguvu za miradi, mradi ukiisha navyo vinaishia. Hilo lilitakiwa kuwa jukumu la kudumu, linalolipwa kutokana na umeme na sukari na maji, kabla ya zuio na siyo baada yake.

Kuhusu tembo. Wameongezeka upande wetu kwa sababu wameona huku kuna usalama. Kihistoria walikuwa wanavuka bonde kutoka Selous, ambako sasa sehemu kubwa ni Hifadhi ya Nyerere, wanapitia msitu wa Magombera wanakuja Udzungwa na kurudi. Bonde limejaa mashamba, njia zimezibwa moja baada ya nyingine, tembo amebaki amebanwa ukutani na chakula kilicho karibu ni mpunga wako. Vitu viwili nimeviona vinasaidia. Kimoja ni uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo, imeunganishwa kwa waya, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Tembo hawapendi nyuki hata kidogo. Hauzuii wote, na unataka mtu wa kuutunza, lakini shamba linapona na asali inauzwa. Cha pili ni kufungua tena ushoroba wa Kilombero ili wapate pa kupita, na kwenye barabara ya lami ya Ifakara pakajengwa kivuko cha kupitia chini ya barabara kwa ajili yao. Hilo lilihitaji wanavijiji wakubali kutoa ardhi yao, na waliotoa wanastahili heshima kuliko mtu yeyote aliyewahi kupiga picha na tembo.

Kifuta jasho kinachelewa na ni kidogo, sina la kutetea hapo. Anayelima eka mbili akiliwa moja, msimu umekwisha. Mtu huyo hawezi kusubiri karatasi izunguke ofisi tatu.

Swali lako "kwa nani" jibu langu ni hili: kwa sasa faida kubwa inakwenda mbali na gharama kubwa inabaki kwetu. Hayo ni makosa ya kugawa. Tukimega msitu ili kurekebisha makosa ya kugawa, tutakula mpunga wa shamba jipya misimu michache, kisha mito itaanza kukauka Oktoba na watakaokaukiwa wa kwanza ni sisi sisi wa Mang'ula, Sanje na Msolwa. Dar watachimba visima. Sisi tutakwenda wapi?

---

Binti Ifakara

Nimekusoma kaka. Sijasema msitu ukatwe. Nilisema tuhesabiwe. Lumemo ukijaa unaingia Ifakara majumbani, tunajua maji ya mlima ule yakishuka na hasira yanafanya nini, hilo hatuhitaji kuelezwa.

---

Mjukuu wa Mdzungwa

Wakuu nami nichangie kutoka upande wa Kilolo, maana kila mtu anaongea Kilombero tu. Mlima una migongo miwili. Huku kwetu ni kwa baridi, mahindi na maharage, na kabla hujafika msituni unapita nyasi na miombo. Shida yetu kubwa ni moto. Mtu anachoma shamba lake Septemba, upepo unabeba, moto unalamba ukingo wa msitu. Msitu wa ukungu hauungui wote siku moja. Unaungua mita chache kila mwaka, panaota magugu, mwaka unaofuata magugu yanashika moto haraka zaidi.

Na kuhusu wanyama wasio na umaarufu: wazee wetu waliwajua siku nyingi. Msitu wa Ndundulu, unapopandia Udekwa, ndiko waliko tumbili kipunji. Wataalamu wamewaona 2003 kule Rungwe na 2004 hapa kwetu, mwaka 2005 wakawatangaza duniani, na baadaye wakasema hata jenasi yao ni mpya, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Mleta uzi wewe una kumbukumbu nzuri, waeleze habari ya kwale.

---

Mwanamsolwa

Asante sana mkuu, hilo la moto nilikuwa sijalifikia na wewe umelieleza kuliko ambavyo ningeweza.

Habari ya kwale ni hii. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini huko huko Ndundulu. Kwenye sufuria ya mboga wakaona miguu ya ndege wasiyoielewa. Wakafuatilia, wakamkuta mwenye miguu akitembea msituni: kwale ambaye kitabu chochote kilikuwa hakimjui. Walipomchunguza, ndugu zake wa karibu hawakuwa kwale wa Afrika, walikuwa kwale wa misitu ya Asia. Hebu fikirini hapo. Ndege wa ukoo wa Asia anafanya nini Iringa? Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani mno misitu yenye unyevu ilienea mbali, mabara yakakauka katikati, na huku kwetu, kwa sababu bahari haikuacha kuleta mvua, kipande kikabaki kibichi hata enzi za ukame mkubwa wa dunia. Safu hii nzima ya milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, ina viumbe wa namna hiyo, mabaki ya ulimwengu ambao sehemu nyingine umekwisha. Udzungwa ndilo bonge lake kubwa kuliko yote.

Mwingine ni ngolaga, tumbili wa Sanje. Wazee walimjua kwa jina na kwa sauti yake ya asubuhi, inasikika mbali sana. Wataalamu wakamtambua mwaka 1979 tu, baada ya kuisikia hiyo sauti na kuuliza ni ya nani. Ukitulia kwenye njia ya Sanje unaweza kubahatika kuwaona chini kabisa, wanapekua majani makavu kwa mikono yote miwili, anaokota mbegu ngumu anaipasua kwa meno unasikia mlio kabisa. Hajali mvua. Duniani yupo kwenye milima hii peke yake, na hasa misitu miwili: Mwanihana, iliyomo ndani ya hifadhi ya taifa, na Uzungwa Scarp kule kusini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa msitu wa akiba bila walinzi wa kutosha.

Hapa ndipo penye ushahidi ambao naona unamaliza ubishi. Watafiti waliwahesabu tumbili na mbega kwenye misitu hiyo miwili kwa miaka. Milima ni ile ile, mvua ile ile, watu wa vijiji wanaofanana. Mwanihana, penye doria za askari wa TANAPA, idadi kwa jumla ilishikilia. Uzungwa Scarp, palipoachwa, mbega wekundu na mbega weusi kwa weupe waliwindwa hadi sehemu kubwa ya msitu ikabaki kimya. Miti ipo, ukiitazama kwa mbali ni kijani kizuri, ndani hakuna mbega. Na tumbili wakiisha, mbegu walizokuwa wakizisambaza hazisambai, miti nayo inaanza kubadilika. Baadaye Scarp ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na ulinzi umeongezeka, lakini kumjaza mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa wakati ni kazi ya kizazi kizima.

Kwa hiyo anayesema "hata isipokuwa hifadhi ya taifa msitu utabaki tu", aende Scarp kwanza.

Orodha ni ndefu, sitaimaliza. Kuna sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote, gramu 700 hivi, alinaswa na kamera 2005 na akatangazwa 2008. Kuna kinyonga wa Magombera, aliyejulikana 2009: mtafiti alimshtua nyoka aliyekuwa anakula, nyoka akakimbia akaacha mlo wake, na ule mlo ndio ukawa kinyonga mpya. Magombera yenyewe ilikuwa imebaki kidogo iwe miwa. Ikaokolewa 2019 kwa kufanywa hifadhi ya mazingira asilia.

---

Kambi ya Usiku

Mkuu haya mambo shuleni hatukufundishwa kabisa. Swali la mwisho: mtu wa kawaida mwenye familia anafikaje huko, na aende mwezi gani? Nataka niwapeleke watoto.

---

Mwanamsolwa

Basi la Dar–Ifakara linakushusha Mang'ula, makao makuu ya hifadhi yapo pale pale karibu na barabara. Ukipenda treni, TAZARA inapita chini ya mlima na Mang'ula kuna stesheni. Mji wenyewe ulikuwa kambi kubwa ya Wachina walipokuwa wakijenga reli miaka ya 1970. Waulize ratiba kwanza, treni ina mambo yake.

Watoto waanze na njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, aliyekuja kuizindua hifadhi mwaka 1992. Wakizoea wapande Sanje. Maji yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, kupanda na kushuka ni nusu siku, na juu kabisa unaliona bonde lote la Kilombero na miwa inavyoishia. Njia ya kilele cha Mwanihana ni ya siku tatu, hiyo waachie wakubwa. Lazima uende na mwongoza wageni, na omba akupe kijana wa vijiji vya pale, wapo wanaojua kila mti kwa jina la Kihehe na la Kindamba.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Masika njia inateleza na ruba ni wengi. Ukienda Septemba mwishoni, kabla ya vuli, simama pale darajani Sanje uangalie maji yalivyo mengi, halafu uwaulize watoto mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Na chakula kula kijijini, usibebe kila kitu kutoka Dar. Pale sokoni kuna wali na samaki wa Kilombero, na anayeuza ni mmoja wa wale Binti Ifakara anaosema wahesabiwe.

---

Binti Ifakara

Ukifika uliza asali ya uzio wa tembo, akina mama wanaiuza. Usipunguziwe bei.

---

Mjukuu wa Mdzungwa

Na safari ya pili uje Udekwa, upande wetu. Njoo na sweta.